Kabla ya Kutoa Shamba la Mahindi kwa Nta ya Soya

Ndugu wakulima, habari za nta ya soya ni tamu kusikia. Mtu akija katika skimu na mshumaa mweupe mkononi, akasema kwamba umetoka katika punje za soya, na kwamba ng'ambo watu huununua kwa bei kubwa kuliko mshumaa wa kawaida, wengi watasogeza viti wamsikilize. Maneno yake si uongo. Nta hiyo ipo, na mshumaa unawaka. Lakini yako mambo ambayo mshumaa hausemi, na mwenye ekari tano au kumi, ambaye mahindi yake ndiyo chakula cha nyumbani na karo ya watoto, sharti ayajue kabla hajageuza hata robo ya shamba lake.

Kwanza tueleze nta yenyewe. Soya haina nta ndani yake kama sega la nyuki lilivyo na nta. Ina mafuta, na mafuta hayo ni ya maji kama yale ya alizeti. Katika kila kilo 100 za punje kavu mafuta ni kama kilo 18 mpaka 20. Hukamuliwa, husafishwa, kisha hutiwa katika pipa kubwa la chuma lililofungwa, yakapashwa moto mkali pamoja na unga wa madini ya nikeli, huku hewa iitwayo haidrojeni ikisukumwa ndani kwa nguvu. Mafuta yakishakula hewa hiyo, yakipoa hugeuka magumu. Mjerumani Wilhelm Normann ndiye aliyepata hati ya uvumbuzi huo mwaka 1902, na kwa njia hiyo viwanda viliweza kugeuza mafuta ya maji kuwa mafuta magumu ya kupikia, yale ya kopo. Nta ya soya ni ndugu wa mafuta hayo, ila imefanywa ngumu zaidi.

Haidrojeni hulipuka ikikutana na moto. Kwa hiyo asije mtu akawaambia kwamba kikundi chenu kinaweza kupika nta ya soya kwa sufuria na kuni nyuma ya stoo ya ushirika. Ushirika wenye bidii unaweza kununua mashine ya kukamua mafuta. Mtambo wa kuyageuza nta ni kazi ya kiwanda kikubwa chenye mainjinia na mtaji mkubwa, na mwenye kiwanda hicho ndiye atakayepanga bei.

Faida za nta hii viwandani ni nyingi, na si haki kuzificha. Mshumaa ndio unaojulikana zaidi. Katika miaka ya 1990 Bwana Michael Richards wa Cedar Rapids, jimbo la Iowa huko Marekani, alikuwa akitengeneza mishumaa na kutafuta kitu cha bei nafuu kuliko nta ya nyuki. Alifikia mafuta ya soya yaliyofanywa magumu, na tangu hapo biashara imeenea. (Wauzaji wengine husema mshumaa wa soya hautoi masizi hata kidogo. Msisadiki. Utambi mrefu ukipigwa na upepo hutoa masizi, nta iwe ya soya au ya petroli. Tena nta inayouzwa kwa jina la soya mara nyingi imechanganywa na nta nyingine.)

Baada ya mishumaa ziko kazi nyingine. Katika miaka hiyo hiyo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue, jimbo la Indiana, walitengeneza kalamu za rangi za watoto kwa soya mahali pa nta ya petroli. Wenye kutengeneza mafuta ya kujipaka na rangi ya midomo huitia ili mafuta yashikane. Wenye kutengeneza mbao za vumbi na vipande vya miti hutumia nta ili ubao usinywe maji, na nta ya soya imejaribiwa katika kazi hiyo. Mafundi wa batiki huipenda kwa sababu hutoka kitambaani kwa maji ya moto na sabuni, ambapo nta ya petroli husumbua sana. Na maboksi ya karatasi ngumu yanayopakiwa kuku au mboga pamoja na barafu hupakwa nta yasilowe. Boksi lililopakwa nta ya petroli ni shida kulirudisha kiwandani lifanywe karatasi tena, ndiyo sababu watu wamejaribu soya katika kazi hiyo pia.

Ukisoma orodha hiyo unaweza kufikiri kwamba Wamarekani walipanda soya ili wapate nta. Sivyo hata kidogo, na hapa ndipo penye jambo lote. Iowa na Indiana ni nchi ya nguruwe na kuku. Soya hupandwa huko kwanza kwa sababu ya mashudu, yaani yale yanayobaki mafuta yakishatolewa, ambayo yana protini nyingi kuliko karibu kila chakula kingine cha mifugo kitokacho shambani. Viwanda vikisaga soya kwa ajili ya mashudu, mafuta hutoka vile vile, yapende yasipende kuwa na mnunuzi. Yakizidi, watu hutafuta kazi ya kuyapa. Tena mwaka 2015 Serikali ya Marekani iliamua kwamba mafuta yaliyogandishwa nusu nusu kwa haidrojeni yasihesabiwe tena kuwa salama katika vyakula, kwa kuwa yanadhuru moyo. Soko moja kubwa la mafuta ya soya likafungwa, na wenye mafuta wakawa na sababu zaidi ya kutafuta kazi nje ya jikoni. Nta ni moja ya kazi hizo. Nguruwe na kuku walitangulia, nta ikafuata nyuma.

Sasa tufanye hesabu ya nyumbani. Tuseme mkulima amepata magunia matano ya kilo 90 katika ekari moja, yaani kilo 450. Mafuta yaliyomo ni kama kilo 85. Mashine ya kukamua haitoi yote. Huacha sehemu katika mashudu, hivyo yatakayopatikana ni kama kilo 55 au 60. Kwa mshumaa wa gramu 200, hiyo ni mishumaa 300 hivi kwa ekari nzima na msimu mzima, kabla ya kutoa gharama ya kusafirisha, kukamua, kusafisha, kugeuza mafuta kuwa nta, utambi na chombo. Lakini mashudu yaliyobaki ni zaidi ya kilo 350. Atakayekuja kununua soya kwa jina la nta, na asitaje mashudu, amekuonyesha mkia akamficha ng'ombe nyuma ya ua.

Tena nta ya soya ina wapinzani wawili wenye nguvu. Mmoja ni nta ya petroli, ambayo bei yake huenda na bei ya mafuta yachimbwayo ardhini. Ikishuka, mwenye kiwanda huirudia. Wa pili ni mawese. Mchikichi hutoa mafuta mengi sana kwa ekari kuliko soya, mara kadhaa, na sehemu ya mafuta hayo ni ngumu kwa asili yake. Viwanda vyetu vya Kenya huleta mawese kwa meli kutoka Malaysia na Indonesia. Mtu mwenye mawese bandarini Mombasa atanunua mafuta ya soya kwa bei gani ili atengeneze nta? Sioni kwamba atakupa bei ya kukutajirisha.

Wakulima wa Kinangop, Ol Kalou na Molo hawahitaji kufundishwa habari hizi. Walilima pareto, zao ambalo halikuliwa nyumbani. Kazi yake kubwa ilikuwa kiwandani, katika dawa ya kuua wadudu. Kenya iliongoza dunia kwa maua hayo. Mwaka 1973 wataalamu wa Rothamsted, Uingereza, wakiongozwa na Michael Elliott, walitengeneza dawa inayoiga pareto na isiyoharibiwa upesi na jua, na viwanda vingi vikaifuata. Haikuwa sababu ya pekee. Usimamizi mbaya na malipo yaliyochelewa vilizidisha shida, hata kufika miaka ya 2000 wakulima wengi waling'oa mashina wakapanda viazi. Lakini angalieni: zao lilipokosa mnunuzi, ua lililokauka halikuwa na kazi yoyote nyumbani. Debe la pareto halichemshwi likawa kitoweo.

Soya si hivyo, na kwa sababu hiyo mimi siwaambii msipande soya. Nasema pandeni, ila si kwa ajili ya nta. Nchi yetu huagiza soya nyingi kutoka Uganda, Tanzania, Malawi na Zambia, na sehemu kubwa huishia katika chakula cha kuku, nguruwe na ng'ombe wa maziwa. Kila mwenye kufuga kuku wa mayai anajua jinsi gunia la chakula linavyomla fedha. Hapo ndipo soko la soya lilipo, nalo li karibu. Wengi wenu mnaishi ndani yake. Isiponunuliwa, husagwa na mahindi ukapata uji wenye nguvu kwa watoto, au huchemshwa ikapikwa na githeri.

Anayeanza na aanze na robo ekari, au apande mistari ya soya katikati ya mahindi. Aulize afisa wa kilimo mbegu inayofaa mahali pake. Mbegu ya SB 19 imejulikana vizuri katika upande wa magharibi, nayo hukubaliana na vijidudu vya mizizi vilivyomo udongoni mwetu. Mbegu nyingine huhitaji kupakwa vijidudu hivyo kabla ya kupandwa, kama vile vinavyouzwa katika pakiti za Biofix. Vijidudu hivyo ndivyo vinavyoipa soya naitrojeni kutoka hewani, na mahindi ya msimu unaofuata hupata faida pia. Ngoa shina moja mmea ukianza kutoa maua, upasue vinundu vya mizizi kwa ukucha. Vikiwa vyekundu ndani, kazi inakwenda vizuri.

Jambo moja lisisahauliwe: soya mbichi haifai kwa kuku wala nguruwe wala ndama. Ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, nacho huondolewa kwa moto. Ichomwe au ichemshwe kwanza. Wako waliolisha mbichi, wakaona kuku hawakui, wakalaumu mbegu.

Na ikiwa katika skimu yenu kuna watu wanaotaka nta hasa, wapo nyuki. Nta yao huyeyuka kwenye joto la digrii 62 mpaka 64, ni ngumu kuliko nta nyingi za soya za kutia katika vikopo, na mama yeyote mwenye sufuria, maji na kitambaa cha kuchujia anaweza kuisafisha jioni moja bila kumwomba mwenye kiwanda ruhusa. Nyuki hao hao watatembelea maua ya soya na alizeti yenu.

Kwa vyama vya ushirika nina neno moja zaidi. Mtu akileta karatasi za mkataba wa soya ya nta, pamoja na mbegu za mkopo, kamati isitie sahihi siku hiyo hiyo hata kama ameleta soda. Imwulize mashudu yatakuwa ya nani, na yatauzwa bei gani kwa wanachama. Imwulize mtambo wa kugeuza mafuta kuwa nta uko wapi, na kama umekwisha kujengwa au uko katika picha tu. Imwulize mkulima akiuza soya yake kwa msagaji wa chakula cha kuku kwa bei nzuri zaidi, mkataba utamfanya nini, na mkopo wa mbegu utakatwa wapi mvua ikikosa. Majibu yaandikwe katika kitabu cha mkutano, yasomwe mbele ya wanachama wote, wanawake wenye kupalilia wakiwamo, ndipo kura ipigwe.