Ujira wa Mchoraji

Wapo wasemao kwamba sanaa na mshahara havipikwi chungu kimoja, na kwamba msanii wa kweli huchora akiwa na njaa. Maneno hayo nayakataa, na shahidi wangu ni Kyoto Animation, studio ya filamu za katuni huko Japani.

Katika kazi hiyo Wajapani wengi wamelipwa kwa idadi ya picha walizochora, kama kibarua alipwavyo kwa gunia. Mtu wa namna hiyo hulazimika kulipua kazi, akiugua, hali. Studio ya Yoko Hatta, iliyoanza mwaka 1981 kwa kuzipaka rangi picha za studio nyingine, ilifuata njia tofauti: iliajiri wachoraji kwa mshahara na kuwafundisha yenyewe. Matunda yalionekana. K-On! ya mwaka 2009 na Koe no Katachi ya mwaka 2016 ziliongozwa na Naoko Yamada, aliyekulia kikazi humo humo.

Tarehe 18 Julai 2019 mtu mmoja alilitia moto jengo la studio hiyo. Wakafa watu 36. Dunia ililia, ikachanga fedha. Vema. Lakini mikono ile haikuokotwa njiani. Ilikuzwa kwa miaka mingi. Mwaka 2020 waliobaki walitoa filamu ya Violet Evergarden.

Basi nawauliza mabwana wa kazi: mbona mchoraji tunamchangia akisha kufa, na akiwa hai tunampunja? Rambirambi si ujira.