Shingo ya mama haiko gari: punguzeni muzigo

"Wamezoea." Ndilo neno tunasikia kila siku katika muji wetu wa Bukavu, wakati mama mubebaji anapita, ameinama chini ya gunia, kamba imemukaza kwenye paji la uso. Mufanyabiashara anasema wamezoea. Mupita njia anasema wamezoea. Hata mukubwa wa serikali, ndani ya gari lake, anasema wamezoea. Ndugu musomaji, mimi nasema hilo neno ni uongo, tena ni uongo unaoleta faida kwa wale wanaolisema. Hakuna shingo inayozoea kilo 80. Kuna shingo inayonyamaza tu, kwa sababu watoto wanangojea chakula cha mangaribi.

Tuseme mambo namna yalivyo. Mashua zinafika kwenye bandari ya Muhanzi kutoka Idjwi na kutoka vijiji vya pembeni ya ziwa, zimejaa ndizi, mihogo, maharagi, mananasi, makala. Muji wetu umejengwa juu ya vilima. Kutoka ziwa mpaka soko la Kadutu ni kupanda, na mvua ikinyesha ni kupanda na kuteleza. Gari haliingii kila mahali. Na hata pale linaingia, mwenye bidhaa anapiga hesabu, anaona kumulipa mama ni rahisi kuliko kulipa gari. Shida yote inaanzia kwenye hesabu hiyo.

Mufuko mumoja wa simenti ni kilo 50. Bidoni moja ya litre 20, ikijaa maji, ni kilo 20. Gunia la muhogo, likishindiliwa vizuri, linapita kilo 50 bila shida, na kuna wanaoongeza kifurushi kingine juu yake. Angalia pia namna muzigo unapandishwa mugongoni. Mara nyingi watu wawili wanauinua, mama anachuchumaa, anapitisha kamba kwenye paji la uso, kisha wanamushika ili asimame. Jiulize basi: kama inaomba watu wawili ili kuinua muzigo, kwa nini mutu mumoja tu ndiye anapashwa kuubeba mpaka juu ya kilima?

Kichwa cha mutu mukubwa, peke yake, kina uzito wa karibu kilo 5. Mungu aliweka mifupa 7 midogo kwenye shingo ili ibebe hicho kichwa, siyo ibebe depo ya mutu. Kati ya mifupa hiyo kuna vitu laini kama mipira, vinavyosaidia shingo kugeuka. Pembeni yake inatoka mishipa ya fahamu inayoshuka katika mabega, mikono, mpaka vidole. Kamba ikivuta paji la uso kwenda nyuma, misuli ya shingo inapashwa kujikaza hatua kwa hatua, bila kupumzika, mpaka muzigo utuliwe. Na anayebeba juu ya kichwa, uzito unamukandamiza moja kwa moja. Ndiyo sababu mama anaanza kusema bega linawaka kama moto. Kisha vidole vinakufa ganzi usiku. Kisha hawezi tena kukamua nguo vizuri, sahani inamuponyoka.

Hapo majirani wanaleta maelezo yao. Mumoja anasema ni baridi ya ziwa. Mwingine anasema ni uzee, na mama mwenyewe hajafika miaka 40. Mwingine ananongona kwamba kuna mutu amemutumia kitu. Anapelekwa kuombewa. Maombi ni mazuri, sitayasema vibaya, lakini kesho asubuhi gunia ni lile lile.

Kisha kuna dawa za barabarani. Diklofenaki asubuhi, ibuprofeni mangaribi, tramadoli kwa yule ambaye hizo mbili zimeshindwa, na wengine wanauza deksametazoni kama bonbon. Wamama wajue: diklofenaki na ibuprofeni, ukimeza kila siku, zinaweza kutoboa tumbo na kuharibu mafigo, zaidi kama unameza bila kula. Deksametazoni ya kila siku inapandisha sukari na damu, na inaondoa nguvu katika mifupa. Tramadoli inamufunga mutu, akikosa kuimeza anatetemeka. Dawa hizo zinamufanya mama asisikie maumivu kwa masaa machache, ili arudi chini ya muzigo ule ule uliomuumiza. Feza aliyopata kwa shingo yake inaishia kwa muuza dawa, juu ya shingo hiyo hiyo.

Watu wa ofisi wanatuambia hakuna sheria inayosema kitu juu ya mambo haya. Si kweli. Katika mwaka 1967, Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mapatano namba 127 juu ya uzito ambao mufanyakazi mumoja anaweza kubeba. Yanasema kwamba mufanyakazi asilazimishwe, wala asiachwe, kubeba muzigo ambao uzito wake unaweza kuharibu afya yake, na kwamba mizigo ya wanamuke na ya vijana iwekewe mipaka. Pendekezo namba 128 la mwaka huo huo linatoa hesabu: kilo 55 kwa mwanaume mukomavu, na kwa mwanamuke iwe chini sana ya hapo. Soma tena, ndugu yangu. Kilo 55 ni mupaka wa mwanaume. Kule Uingereza, simenti iliyokuwa inauzwa zamani kwa mifuko ya kilo 50, leo inauzwa kwa mifuko ya kilo 25, ili kulinda migongo ya wafanyakazi. Na wale wana magari na mashini.

Hapa kwetu tuna Kodi ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002. Tuna pia sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya ulinzi wa jamii, inayohesabu ajali za kazi na magonjwa ya kazi. Lakini ili ziingie katika maisha yako, inapashwa uwe na mukataba na patroni anayekulipia CNSS. Mama mubebaji anabadilisha patroni mara tano kwa siku moja. Shingo ikivunjika, kila mumoja wa hao watano atasema hamujui. Ajabu ni kwamba wakati wa kulipisha taksi ndogo-ndogo kwenye bandari na kwenye soko, hapo serikali ina macho mazuri, inaona kila mutu mpaka muuza nyanya. Wakati wa kulinda, inakuwa kipofu.

Najua utaniambia: ukikataza magunia makubwa, unamunyanganya mama chakula chake. Hilo ni jambo la kweli, na linaomba jibu la kweli. Leo bei inapatanwa kwa safari, siyo kwa kilo. Ndiyo sababu mama anakubali gunia kubwa: akichukua dogo, mwenye bidhaa anamukata feza karibu yote. Bei ikiwa kwa kilo, safari mbili za kilo 30 zitaleta feza sawa na safari moja ya kilo 60. Ni kweli, safari mbili zinakula wakati, kwa hiyo bei ya kilo inapashwa kupanda kidogo, na unga kwenye soko utapanda kidogo pamoja nayo. Nani atalipa hiyo tofauti? Mimi na wewe tunaokula huo unga. Leo tofauti hiyo inalipwa na shingo ya mama, na hatuoni haya.

Kwa hiyo naomba mambo ya wazi. Wafanyabiashara, fungeni mizigo ya kilo 25 tangu kule inatoka. Gunia halijifungi lenyewe, ni ninyi mumelijaza, na mama hakuwa hapo. Pale barabara inaruhusu, lipeni pusipusi. Ndugu zetu wa Goma walitengeneza chukudu ya mbao, inabeba mamia ya kilo na shingo inapona. Vilima vyetu vinakataa chukudu mahali pengi, lakini si kila njia ya Bukavu ni kilima.

Bwana meya na wakubwa wa bandari na masoko, wekeni mizani mahali mizigo inashukia, na tangazo la uzito ambao mutu mumoja hapashwe kupita. Jengeni kwenye mapando kuta ndogo za mawe, za kimo cha kiuno, ili mama atue muzigo na apumue bila kuchuchumaa na bila kutafuta watu wa kumuinua tena. Mawe tunayo, na mafundi tunao.

Wanaume wenzangu, tuache zarau ya kusema kubeba ni kazi ya wanamuke. Na watoto, mahali pao ni masomo, siyo chini ya gunia.

Wamama wabebaji, ninyi wenyewe mukatae kupingana bei. Patroni anashinda kwa sababu mumoja akisema hapana, mwingine anasema ndiyo kwa bei ya chini. Mukifanya kikundi, mupatane bei ya kilo na mupaka wa uzito, hatapata wa kubeba nje yenu. Na mukisikia mukono unalegea, au miguu inakosa nguvu, au mukojo unatoka bila kujua, musingojee juma pili: hiyo ni hospitali siku ile ile. Shingo kukakamaa pamoja na homa kali, vilevile. Mukifika mbele ya munganga, mumuambie kazi munayofanya na kilo munazobeba. Asipouliza, semeni tu, kwa sababu dawa bila kupunguza muzigo ni kazi ya bure.

Mizani moja, ukuta wa mawe, gunia lililogawanywa mara mbili. Hakuna hata kimoja kinachongojea mufadhili wa kutoka Ulaya. Kinachokosekana ni mutu wa kwanza kukubali kwamba mama aliye chini ya gunia ni mutu, na kwamba ana shingo moja tu.