Mafuriko ya Bwaise Hayana Kitivo

Mvua kubwa ikinyesha Kampala, maji hushuka kutoka Mulago na Makerere yakakutana Bwaise. Mtaa huu umejengwa kinamasini, palipokuwa na mafunjo, na mkondo wa Nsooba unaupitia kabla ya kuingia katika ardhi oevu ya Lubigi. Chuo Kikuu cha Makerere, kilichoanza mwaka 1922, kipo mlimani, mwendo mfupi wa bodaboda. Wanafunzi na maprofesa wa fani nyingi wameshateremka hapa na madodoso, vipimo na ramani zao. Maji bado yanaingia vyumbani.

Bwaise haina uhaba wa utafiti. Tatizo ni kwamba kila fani inakuja peke yake, inachukua kipande chake na kupanda nacho mlimani.

Mwanafizikia anatueleza jambo la msingi: hewa ikiongezeka joto kwa digrii moja hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na ndiyo maana mvua kubwa zinazidi kuwa kubwa. Ni kweli, na kila mtu anapaswa kulijua. Lakini fizikia haisemi kwa nini mvua ileile inamharibia godoro mkazi wa Bwaise na kumwacha salama mkazi wa Kololo, kule mlimani. Hapo anahitajika mwanajiografia, atakayeonyesha jinsi mabati, lami na zege za vilimani zilivyoyanyima maji nafasi ya kuzama ardhini, na jinsi barabara ya Northern Bypass ilivyopitishwa ndani ya ardhi oevu ya Lubigi. Mwaka 2013 watafiti waliofanya kazi na UN-Habitat katika bonde la juu la Lubigi walisisitiza kwamba kupanua mifereji peke yake hakutoshi. Maji yapunguzwe kuanzia huko juu yanakotoka.

Haya, tuseme mhandisi wa mifereji amekubali ushauri huo. Bado anakutana na ardhi, na ardhi ya Kampala si jambo la kupimwa kwa kamba tu. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 ulizaa mailo, yaani umiliki binafsi wa kudumu wa ardhi. Leo kiwanja kimoja kinaweza kuwa na mwenye hati, mwenye kibanja (anayekalia ardhi ya mwenye hati), na juu yao mpangaji wa muzigo, yaani chumba kimoja cha kulipia kila mwezi. Mfereji ukipanuliwa, mazungumzo ya fidia huwahusu wenye hati na wenye vibanja. Mpangaji huambiwa ahame. Anahamia wapi? Anafuata kodi nafuu, na kodi nafuu iko bondeni. Mradi uliokusudiwa kumwondoa majini unamrudisha majini, hatua chache mbele. Mwanasheria anajua hili, mchumi anajua hili, mwanahistoria wa ardhi analijua zaidi ya wote. Ramani ya mafuriko hailijui, kwa sababu walioichora hawakuwauliza.

Ndivyo ilivyo hata pale sheria inapotumika kwa nguvu. Ibara ya 237 ya Katiba ya 1995 inaiweka ardhi oevu mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi, na ni ibara njema. Juni 2024, NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ilibomoa nyumba za watu katika Lubigi. Kinamasi kinastahili kulindwa, tena kwa ukali. Lakini kumbomolea maskini bila kujua atalala wapi ni kulihamishia tatizo kwenye kinamasi kingine.

Upande wa afya, Robinah Kulabako wa Makerere na wenzake walichapisha mwaka 2007 utafiti wa maji ya chini ya ardhi huko Bwaise III. Waligundua kwamba maji hayo yako karibu sana na uso wa ardhi, hupanda haraka baada ya mvua fupi, na yamechafuliwa na vyoo vya shimo, taka, mifugo na maji machafu. Basi daktari anayetibu kuhara na fundi anayechimba mfereji wanashughulika na maji yaleyale. Hata dampo la Kiteezi, lililoporomoka Agosti 2024 na kuua zaidi ya watu 30, limo ndani ya habari hii: taka zikikosa pa kwenda, kaveera, yaani mifuko ya plastiki, huishia mferejini na kuziba kalavati.

Uwezo wa kufanya kazi pamoja upo nyumbani. Shuaib Lwasa, mwanajiografia wa Makerere, alikuwa mmoja wa walioongoza sura ya miji katika ripoti ya mwaka 2022 ya IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, kazi iliyowakutanisha wataalamu wa fani na nchi mbalimbali. Kinachowezekana kwa ajili ya dunia kiwezekane kwa ajili ya Lubigi.

Tunazitaka KCCA (mamlaka ya jiji la Kampala) na Makerere, pamoja na wafadhili wao, wasikubali tena mradi wa mafuriko wenye fani moja. Mwanasheria wa ardhi, mtaalamu wa afya na mchumi walipwe tangu siku ya kwanza pamoja na mhandisi, na wapangaji wawe na viti vyao mezani. Matokeo yasomwe kwa Kiganda mbele ya wakazi, katika mkutano wa LC1, baraza la ngazi ya chini kabisa mtaani. Nawe mkazi wa Bwaise, mtafiti mwingine akibisha mlangoni, kabla hujajibu swali lake la kwanza muulize: majibu utayarudisha lini, na utakuja na nani?