Waraka kwa Wafumaji Wenzangu: Kila Mmoja Abuni Kofia Yake

Nairobi, 3 Julai 2024
Kwa: Wanachama wote wa kikundi
Kutoka: Katibu
KUH: MTINDO WA KWANZA WA KILA MWANACHAMA

Kina mama na dada zangu,

Nawapa pole. Juzi Jumatatu, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitangaza kuwa watu 39 wamekufa katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Mswada umekwisha kuondolewa, lakini vijana wetu wangali barabarani na mzazi hapati usingizi. Jumanne na Alhamisi, siku za maandamano, mjini maduka yanafungwa, na oda za sweta zimepungua. Kikundi hakimtumi mtu kwenye maandamano wala hakimzuii. Ninachoandikia ni mikono yetu, ambayo siku hizi imekosa kazi.

Miaka yote tumefuma tulichoagizwa: rangi ya shule fulani, shingo ya V, mistari miwili mkononi. Kufuma tunakujua, kubuni hatujajaribu. Naomba kila mmoja wetu sasa abuni kofia iliyo yake.

Najua wapo watakaosema huu si wakati wake. Wakumbuke Norwe ilipokaliwa na majeshi ya Hitler. Watu walivaa kofia nyekundu za kufuma kuonyesha kuwa hawajakubali kutawaliwa. Hazikuandikwa neno lolote, na bado Februari 1942 zikapigwa marufuku. Huko Marekani, Krista Suh na Jayna Zweiman walitaka kofia za waridi zivaliwe kwenye maandamano ya wanawake ya 21 Januari 2017. Mtindo waliandikiwa na Kat Coyle: mstatili unakunjwa, unashonwa ubavuni, na pembe mbili za juu zinasimama mithili ya masikio ya paka. Mtindo huo ulikuwa mwepesi makusudi, ili hata mwanagenzi aumudu.

Basi nasi tuanze na chepesi. Kofia haili uzi mwingi, na Julai hii ya baridi haitakosa kichwa cha kuivaa.

1. Fuma kwanza kipande cha majaribio, kikubwa kuliko sentimita 10 kila upande. Kioshe, kikauke, ndipo uhesabu vitanzi vilivyomo katika sentimita 10.

2. Piga hesabu kabla ya kuanza. Kichwa cha sentimita 56 kinataka kofia ya takriban sentimita 50, ili ishike. Ukiwa na vitanzi 20 kwa kila sentimita 10, utaanza na vitanzi 100.

3. Amua jambo moja tu: rangi, mchoro au umbo. Ukitaka mchoro unaojirudia, uwe wa vitanzi 4, 5 au 10, maana 100 hugawanyika kwa hivyo bila baki. Ukitaka kofia iseme jambo kuhusu siku hizi, au imkumbuke mtu, ni hiari yako. Lakini ikae kichwani kwanza. Kofia inayodondoka haisemi kitu.

4. Andika kila mstari kwenye karatasi siku ile ile unayoufuma. Ukifumua, andika umefumua wapi na kwa nini. Usitegemee kukumbuka, hasa wiki hizi ambazo simu ikilia moyo unaruka.

5. Ukimaliza, mpe mwenzako karatasi bila maelezo yoyote ya mdomo. Atakapokwama, rekebisha karatasi, usimlaumu yeye. Mtindo ambao mwingine hawezi kuufuma haujakamilika.

Tukutane Jumamosi, 27 Julai, kila mtu na kofia yake na karatasi yake. Wenye uzi wa akiba wawagawie wasio nao. Ambaye hatapata njia siku hiyo apige simu mapema, tutampitia.

La mwisho: juu ya kila karatasi andika jina lako kamili. Sweta zote tulizofuma zimekwenda bila jina la aliyezifuma. Kofia hii isiende hivyo.