Mlevi Mnayemcheka Ana Watoto

Kila mtaa una mlevi wake, na unamwonea fahari. Anarudi saa sita usiku akiimba, anagombana na nguzo ya umeme, asubuhi kijiwe kizima kinamuigiza watu wanashika mbavu. "Hana neno yule, ni pombe tu." Hana neno na nani? Muulizeni binti yake wa miaka sita.

Huyo halali. Anasikiliza mlango. Ukifunguliwa taratibu, baba hana hela, leo salama. Ukipigwa teke, kisu cha jikoni kiko wapi? Ameshakificha nyuma ya ndoo ya unga. Lakini anachokiogopa kuliko teke ni upole: baba anamwamsha, anamkumbatia kwa mdomo unaonuka gongo, anamwahidi viatu vya shule, na katikati ya ahadi linatua kofi. Asubuhi anasinzia darasani, mwalimu anamuuliza kulikoni, anajibu mbu. Tumemfundisha sisi, tunaosema siri ya nyumbani haitoki nje. Na kichwani mwake ameshahukumu kesi: mimi ndiye mkorofi, ningekuwa na adabu baba asingekunywa.

(Akina mama wanaokunywa nao wapo, msijifiche nyuma ya suruali za wanaume.)

Jioni mtoto huyohuyo anapewa chupa tupu ya maji: "Kimbia, mwambie ni ya baba, aandike." Na muuzaji anajaza, anaandika deni! Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe. Sheria hiyohiyo inamtaka mwanajamii yeyote anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Yeyote, pamoja na wewe mpangaji wa chumba cha pili unayeongeza sauti ya redio usisikie vilio.

Serikali nayo isinawe mikono. Machi 2017 ilipiga marufuku viroba vya pombe na tukaona ilivyo na meno ikitaka. Lakini iliondoa kifuko, kileo kikabaki kwenye chupa, na mtoto akabaki palepale nyuma ya mlango. Tunaambiwa ipo namba 116 ya kumsaidia mtoto, kupiga ni bure. Sawa. Binti wa miaka sita apige kwa simu gani, iliyo mfukoni mwa baba?

Apige jirani. Mwalimu aweke fimbo chini, amwite afisa ustawi wa jamii. Muuzaji anayempimia mtoto gongo ashtakiwe, hata kama ndiye anayewakopesha ninyi nyote. Na mkikutana tena kwa mwenyekiti kuchangishana hela za sungusungu wa kukimbiza vibaka, ajenda ya kwanza iwe ile nyumba. Msiulize ipi.