Zebaki ikizama haijaisha

Nimesoma hoja kwamba zebaki ya wachimbaji wadogo wa Geita haina madhara kwa Ziwa Victoria, eti ni nzito, huzama, na hakuna samaki wanaoonekana wakielea wamekufa. Kuzama inazama, kweli. Balaa linaanzia hapo hapo.

Simama kwenye mwalo wa kuoshea dhahabu. Mchimbaji anasugua zebaki na mchanga kwenye karai kwa mikono mitupu, anaikamua kwa kitambaa, kisha anachoma donge juu ya mkaa. Moshi unapaa, mvua inaurudisha. Marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, yanasombwa na maji. Ndani ya tope lisilo na hewa, bakteria huigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, na hiyo haibaki chini. Inaingia kwa vijidudu, kwa dagaa na furu, kisha kwa sangara anayewala, ikizidi kila hatua. Samaki hafi papo hapo: neva zake zinadhoofika, uzazi wake unapungua. Sumu imo kwenye mnofu wenyewe, kukaanga hakuiondoi.

Haya yameshatokea kwingine. Minamata, Japani, kiwanda kilianza kumwaga maji yenye zebaki baharini mwaka 1932. Paka waliokula samaki walipatwa na degedege. Ugonjwa wa binadamu ulitambuliwa rasmi 1956, na bado umwagaji uliendelea hadi 1968.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Ndugu mwandishi wa hoja ile, usiwaambie wachimbaji kwamba ziwa litavumilia. Dai pamoja nao vifaa vya kunasa moshi wa zebaki, na vifike mialoni.