Mikutano ya kuacha pombe isifichwe

Anayetaka pombe katika kijiji chochote cha Kirinyaga au mtaa wowote wa Nairobi haulizi mara mbili. Baa ina bango na muziki, na mama wa chang'aa asiye na bango anajulikana na kila mtoto. Mtu huyo huyo akiamka siku moja amechoshwa na ulevi, akataka kuketi na wenzake walioacha, aende wapi? Wengi hawajui hata kwamba mikutano ya aina hiyo ipo.

Ipo. Alcoholics Anonymous, AA kwa kifupi, ilianzia Akron, Ohio, Marekani, mwaka 1935. Walioianzisha ni walevi wawili: Bill Wilson, aliyekuwa dalali wa hisa, na Bob Smith, daktari wa upasuaji. Waliona kwamba mlevi akizungumza na mlevi mwenzake, wote wawili huimaliza siku bila chupa. Utaratibu haujabadilika sana tangu hapo. Watu huketi, mmoja akasimulia alivyokunywa na alivyoacha, wengine wakamsikiliza bila kumkatiza. Hakuna ada, kapu hupitishwa na asiye na kitu hulipitisha tu kwa jirani yake. Sharti la kujiunga ni moja, nalo ni kutaka kuacha pombe. Jina la ukoo halitajwi, na yaliyosemwa mle ndani hayatoki nje.

Hapo kwenye usiri ndipo tulipojikwaa. Siri ni ya mwanachama. Mahali na saa ya mkutano havikukusudiwa kuwa siri. Lakini katika kaunti nyingi mtu huujua mkutano kwa kunong'onezwa na rafiki, au baada ya kutoka katika kituo cha kurekebisha tabia ambako familia imelipa makumi ya maelfu ya shilingi. Asiye na rafiki wala fedha anabaki na baa.

Wanaodhani haya ni maongezi matupu ya kupitisha muda wajue kuwa yamepimwa. Mwaka 2020 shirika la Cochrane lilichambua tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Lilibaini kwamba wagonjwa walioelekezwa AA kwa mpango maalumu walidumu bila pombe sawa na waliopewa tiba nyingine za ushauri, na mara nyingi kuwazidi. Kwa nchi ambayo Nacada, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ilikadiria mwaka 2022 kuwa na waraibu wa pombe zaidi ya milioni 1.3, dawa isiyo na bei haifai kufichwa.

Serikali imezoea njia nyingine. Tangu sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ile iliyobandikwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, John Mututho, tumeona misako, mitungi ikipasuliwa na baa zikifungwa. Pombe yenye sumu imeendelea kuua, hata Kirinyaga mapema mwaka 2024. Hatupingi misako. Tunauliza tu mlevi aliyemwagiwa pombe yake asubuhi anaambiwa aende wapi jioni.

Jibu halihitaji bajeti. Chifu ana baraza, zahanati ina ukuta wa matangazo, kanisa na msikiti vina vipaza sauti. Siku, saa na mahali pa mkutano vitangazwe humo, pamoja na kueleza kama mkutano ni wa wazi, ambao hata mke au mwanafunzi anaruhusiwa kuingia, au ni wa wanaotaka kuacha pekee. Saa nayo ina maana yake: sheria inaruhusu baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi, basi mkutano na uanze saa hiyo hiyo.

Mahali pia pachaguliwe kwa busara. Mikutano mingi duniani hufanyika katika kumbi za kanisa kwa sababu ni za bei nafuu, ingawa AA si ya dhehebu lolote. Mwislamu wa Likoni au Malindi, ambaye tayari anaona aibu kukiri kwamba anakunywa, hataki tena kuonekana akiingia kanisani. Ukumbi wa kijamii ungemfaa zaidi. Wanawake nao, ambao ulevi wao husemwa kwa ukali kuliko wa wanaume, wapewe siku yao wakiitaka.

Tahadhari moja haiwezi kuachwa. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asikate pombe ghafla akiwa peke yake nyumbani. Katika siku mbili tatu za mwanzo anaweza kupatwa na degedege na kuweweseka, na hali hiyo huua. Aanze kwa daktari, kisha aende mkutanoni.

Familia zisisahauliwe. Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951, ni ya wake, waume, wazazi na watoto wa walevi, na mtu anaweza kwenda hata kama mlevi wake bado anakunywa.

Machifu na wasimamizi wa zahanati wasingoje waraka kutoka Nairobi. Chumba kimoja, mara moja kwa wiki, na karatasi ukutani vinatosha kuanza. Na ambaye hajaona karatasi hiyo mtaani kwake apige 1192, simu ya Nacada; haitozwi hata senti.